Imani ya Mwenzio: Uliza Kwanza Nani Analipa

Machi 2011 foleni ya magari kuelekea kijiji cha Samunge, Loliondo, ilikuwa ndefu hata watu wakalala porini siku kadhaa wakingoja zamu. Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa Kilutheri ambaye nchi nzima ilimwita Babu, alikuwa akigawa kikombe cha dawa iliyochemshwa kwa mizizi ya mugariga. Bei ilikuwa shilingi 500. Alisema Mungu ndiye aliyemwonyesha dawa ile ndotoni, na kwamba haiponyi ila ikitoka mkononi mwake. Ukiichimba mizizi ileile ukaichemsha kwako, umekunywa maji ya mizizi. Walikwenda wakulima, walikwenda mawaziri, walikwenda wasomi wa Nairobi na Dar es Salaam, wengine kwa helikopta. Wapo waliokufa kabla ya kukifikia kikombe, kwa kuwa ndugu zao waliwatoa wodini wakiwa hoi.

Leo ukikitaja kikombe cha Babu kijiweni, watu wanaangua kicheko. Na kati ya wanaocheka wamo waliokunywa.

Kicheko hicho kinanisumbua kidogo. Si kwa sababu naamini kikombe kile kiliponya kisukari, hapana. Kinanisumbua kwa kuwa kinatuondolea kazi ya kufikiri. Kila mmoja wetu ana mtu wa karibu ambaye jambo kubwa la maisha yake limesimama juu ya imani tupu: mama mkwe anayeficha maji ya upako chini ya mto, kaka aliyeacha kazi kwa sababu ya unabii, jirani asiyekubali mwanawe achanjwe, mfanyakazi mwenzako asiyegusa kazi Jumamosi hata mwajiri akiahidi posho mara mbili. Utamheshimu vipi mtu huyu bila kujifanya unakubali? Utamhukumu vipi bila kumdharau? Na ni wakati gani kunyamaza kwako kunaacha kuwa adabu na kuwa woga?

Majibu mawili yako tayari midomoni mwa watu. La kwanza: kila mtu na imani yake, tumwachie mwenyewe. La pili: hao wajinga tu, wamefanywa misukule. Yote mawili ni ya uvivu. La kwanza linamwacha mtoto anakufa chumba cha pili huku wewe unasema hayakuhusu. La pili linakupa raha ya kujiona mjanja, na halijamrudisha mtu yeyote nyumbani.

Ushauri wangu ni huu. Ukikutana na imani usiyoielewa, usianze na swali la ushahidi. Anza kwa kuuliza gharama ya imani hiyo inamwangukia nani. Mtu mzima anayelipa kwa jasho lake, kwa tumbo lake, kwa usingizi wake, ana haki ya kuachwa, hata kama unaona anapoteza muda. Mtu anayemlipisha mwingine, hasa asiye na sauti, amekutoa kwenye mambo ya ibada na kukuingiza kwenye mambo ya haki. Hapo usimwogope Mungu wake. Mungu wake huna ugomvi naye.

Najua atakayeniuliza: kwa hiyo ukweli hauna maana? Una maana sana. Lakini hebu tujipime wenyewe. Vidonge ninavyomeza kila asubuhi sijui vinafanyaje kazi. Nimemwamini daktari, naye amekiamini kiwanda. Tofauti yangu na mnywaji wa kikombe si kwamba mimi nimeona na yeye hakuona. Tofauti ni kwamba vidonge vyangu vimewekwa mahali ambapo mtu anaweza kuvipinga: kuna anayepima, anayehesabu waliopona na waliokufa, na anayeruhusiwa kusema havifai, vikaondolewa dukani. Hiyo ni tofauti kubwa, nami naitetea. Lakini ni tofauti ya mfumo, haitoi ruhusa ya kumwona mwenzangu hana akili. Akili anazo. Muulize kuhusu bei ya mahindi uone.

Historia yetu wenyewe imekwisha kutufundisha kutenganisha mtu na imani yake. Mwaka 1905 Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, kule Matumbi, aliwapa watu maji akawaambia risasi za Wajerumani zitageuka maji. Hazikugeuka. Wajerumani walimnyonga Agosti mwaka huohuo, na Vita vya Majimaji pamoja na njaa iliyofuata viliua watu kwa makumi ya maelfu. Wapo wanahistoria wanaofikisha laki mbili na zaidi. Leo hakuna anayeamini maji yale yalizuia risasi. Hata hivyo Songea ipo Makumbusho ya Majimaji, na kila Februari watu hukusanyika kuwakumbuka mashujaa walionyongwa pale tarehe 27 Februari 1906. Hatusimami pale kwa sababu madai ya maji yalikuwa kweli. Tunasimama kwa sababu ya waliokubali kufa pamoja, Wamatumbi na Wangoni na Wapogoro, watu ambao kabla ya hapo hawakuwa na jambo moja la kuwaunganisha. Kama tunaweza kuwapa heshima hiyo waliokufa, si ajabu tukiwapa walio hai wanaokaa nasi nyumba moja.

Sasa tuje nyumbani. Nilimkuta shangazi yangu mmoja, Tanga, amekaa barazani na sahani nyeupe mapajani. Mwalimu wa madrasa alikuwa ameiandika aya kwa wino wa zafarani uliochanganywa na marashi, mistari ya Kiarabu ikizunguka kutoka ukingoni mpaka katikati. Alimimina maji kidogo, akazungusha sahani taratibu mpaka maandishi yote yakayeyuka na maji yakawa ya manjano, kisha akayamimina kwenye kikombe. Alikuwa na presha ya siku nyingi. Nilimwamkia, nikakaa, nikamuuliza kombe lile ni la nini. Akasema ni la moyo kutulia. Nikauliza, na vidonge je, shangazi? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama anajua kuoga. "Mwanangu, vidonge ni asubuhi. Hili la alasiri."

Ningeweza kumhutubia kuhusu zafarani. Wapo hata Waislamu wenzake wanaolipinga kombe kwa hoja za dini, na ugomvi huo ni wao, wanauweza kuliko mimi. Lakini nani alikuwa analipa pale? Hakuna. Presha ilikuwa na dawa yake, moyo ukawa na dawa yake, na mwalimu alipewa sadaka ambayo haikumpunguzia shangazi mlo. Imani ya namna hii usiiguse. Ukiulizwa kama nawe unaamini, sema ukweli kwa maneno machache: mimi sijazoea hayo, lakini nafurahi yanakupa utulivu. Kuheshimu si kuitikia amina usiyoiamini. Wazee wanatambua haraka mtu anayewachezea, na afadhali mpinzani mkweli kuliko mpwa mnafiki.

Jambo la kwanza nililofanya pale lilikuwa kuuliza, nami nakuomba ufanye hivyo kila mara. Watu wengi tunagombana na imani tuliyowatungia wenzetu. Umesikia shemeji yako ameingia "kanisa la wale", ukachukua yote uliyosikia kuhusu wale ukamvika yeye. Muulize. Uliza kama mgeni anayetaka kujua, sio kama hakimu anayetafuta kosa: mnasalije, mnakatazwa nini, ukiugua unafanyaje, mchungaji anapatikanaje? Majibu manne hayo yatakueleza mengi kuliko mabishano ya usiku kucha juu ya kama Mungu yupo.

Penye ugonjwa ndipo pagumu zaidi, na hapa nitakaa kidogo.

Mara nyingi mtu haachi dawa kwa sababu anaichukia hospitali. Anaacha kwa sababu ameambiwa, au amejiambia mwenyewe, kwamba kuendelea kumeza ni dalili ya kutoamini. Ameombewa Jumapili, amesimama mbele ya watu akatoa ushuhuda kwamba amepona, watu wamepiga makofi. Jumatatu anakitazama kichupa cha vidonge kabatini, na kila akikigusa anaona kama anamkana Mungu mbele ya kanisa zima. Ukimjia hapo na maneno ya kumtukana mchungaji, umemlazimisha achague kati ya watu waliompigia makofi na wewe uliyemfokea. Atawachagua wao, na mimi simlaumu.

Kwa hiyo usipigane na maombi. Pigana na kuacha dozi tu. Mwambie: maombi endelea nayo, na dawa endelea nazo, hakuna kinachomzuia mwenzake. Kisha muulize swali ambalo watu husahau: mchungaji alisema uache dawa, au umeamua wewe? Utashangaa ni mara ngapi mchungaji hakusema. Mchungaji alisema "umepona," mengine akayamalizia muumini mwenyewe. Basi nenda kwa mchungaji huyo, au sheikhe, kwa adabu zote, umwombe aseme kwa mdomo wake kwamba mgonjwa aendelee na dawa mpaka daktari amwachishe. Neno moja kutoka kwake lina nguvu kuliko vikao vyako vya familia. Na akikataa kulisema neno hilo, umeshajua uko na mtu wa namna gani.

Njia nyingine ni kipimo. Mtu akisema amepona, usimkatalie. Mpongeze, umwambie twende tukapime ili ushuhuda uwe na karatasi. Mkristo anaijua habari ya wenye ukoma walioponywa, ambao Yesu aliwatuma wakajionyeshe kwa makuhani, waliokuwa wapimaji wa siku zile. Mwislamu anayajua mafundisho ya Mtume kwamba umfunge ngamia wako kisha ndipo umtegemee Mwenyezi Mungu. Ukiyatumia haya, yatumie kwa unyoofu. Kama wewe mwenyewe huyaamini maandiko hayo, sema wazi kwamba unamkumbusha ya kwake. Usiyafanye mtego.

Na ujue haraka ya kila ugonjwa, maana hapa uvumilivu una saa yake. Anayetegemea insulini kila siku akiiacha, hatari ni ya siku chache, wala hakuna muda wa kumbembeleza mwezi mzima. Dozi ya kawaida ya kifua kikuu ni miezi sita. Anayeikatisha katikati anaweza kujitengenezea usugu, na usugu huo anaweza kuwaambukiza wanaolala naye chumba kimoja, kwa hiyo si lake peke yake tena. Anayetumia dawa za kupunguza makali ya Virusi vya Ukimwi anaweza kujisikia mzima kabisa wiki za mwanzo baada ya kuacha, na uzima huo ndio unaomdanganya, kwa sababu virusi vinarudi kimyakimya. Mueleze hivyo, kwa sauti ya kawaida, wakati hamjagombana. Watoa huduma wa kliniki wamezoea maswali haya, na wengi wao nao ni waumini. Mgonjwa akielezwa na nesi anayemjua kuwa ni mwimbaji wa kwaya, analipokea tofauti.

Akikataa baada ya yote hayo, naye ni mtu mzima mwenye akili timamu na ugonjwa wake hauambukizi, itabidi umkubali. Inauma. Shahidi wa Yehova anayekataa kuongezewa damu anajua anachokikataa, ametembea na kadi mfukoni inayosema hivyo, na madaktari wengi wamejifunza kumtibu kwa njia nyingine kadiri inavyowezekana. Mimi nisingefanya uamuzi wake. Lakini mwili ni wake, na aliyemwekea damu kwa hila akiwa usingizini hakumwokoa kama anavyodhani. Amemfundisha yeye na watu wake kuikimbia hospitali.

Kwa mtoto maneno haya yote yanabadilika. Mtoto hajaamini kitu. Ameaminiwa na wazazi wake. Hajakubali kufunga, hajakubali kuacha shule, hajakubali kwamba homa yake iombewe tu mpaka degedege limkamate. Hapa sina subira na maneno ya "ni imani yao". Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa ya watu waliohusishwa na mhubiri Paul Mackenzie, na wachunguzi walisema wengi walikufa kwa njaa, wakifunga ili wakutane na Yesu. Mashtaka ya mauaji yaliyosomwa mwaka 2024 yalihusu watoto 191. Mackenzie ameyakana. Mahakama itaamua lililo lake. Linalotuhusu sisi ni kwamba watoto 191 hawawezi kupelekwa msituni bila mtu yeyote kujua. Walikuwa na bibi, wajomba, walimu waliokuta dawati tupu. Wengine walipiga kelele mapema, wakaenda polisi, wakawatafuta watetezi wa haki. Wengine, nadhani, waliona haya kuingilia dini ya mtu.

Usione haya. Tanzania ina Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na Kenya ina sheria yake ya watoto ya mwaka 2022. Zote zinampa mtoto haki ya matibabu na kumfanya mzazi kuwa na wajibu, sio hiari. Namba 116 ni ya simu ya msaada kwa watoto katika nchi zote mbili, na haina malipo. Mtafute afisa ustawi wa jamii wa kata au halmashauri, na kwa Kenya afisa wa watoto au chifu. Mwalimu mkuu naye ana neno lenye uzito. Ukienda kwao, usiende na maneno ya jumla kwamba "wameingia dini ya ajabu". Kuwa na dini ya ajabu si kosa. Sema ulichokiona: mtoto huyu wa umri huu hajaenda shule tangu mwezi fulani, ana homa tangu Ijumaa, mama amekataa kumpeleka zahanati, jana alishindwa kusimama. Afisa anaweza kulifanyia kazi hilo.

Fedha nazo zinahitaji macho mawili. Fungu la kumi, zaka, sadaka, michango ya ujenzi wa msikiti: mtu akitoa chake, ametoa chake. Ninamjua zaidi ya mmoja aliyejinyima miaka mingi akiweka akiba ya kwenda Hija, akala dagaa wakati wenzake wanakula kuku, na sijaona aliyerudi akajutia hata senti. Tusimhesabie mtu furaha yake kwa kikokotoo chetu. Lakini kuna "kupanda mbegu" kunakopandwa na ada ya watoto, na kuna nyumba iliyouzwa ili "kuufungua mlango". Hapo anayelipa ni mke, au mume, au watoto. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 haimruhusu mwanandoa mmoja kuuza wala kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, na Kenya ina masharti yanayofanana katika Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013. Kama unaona dalili, weka zuio mapema kwa wakili au kwa msaada wa kisheria, kabla dalali hajaleta mnunuzi. Ndani ya nyumba, njia inayofaa kuliko ugomvi ni kutenga: hii ya ada, hii ya kodi, hii ya chakula, na inayobaki mgao wako, utoe upendako, sitakuuliza. Nimeona ndoa zikipona kwa bahasha tu.

Kazini mambo ni mepesi kuliko tunavyoyafanya. Msabato haombi asifanye kazi; anaomba kuanzia jua lizamapo Ijumaa hadi lizamapo Jumamosi aachwe. Mpe Jumapili, ambayo wengine wote wanaikimbia. Anayehitaji nusu saa zaidi ya Ijumaa mchana atakufidia jioni. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ya Kenya iliamua kwamba shule ziwaheshimu wanafunzi Wasabato katika siku yao hiyo, na shule hazijaanguka. Pale ambapo imani ya mfanyakazi inamzuia kufanya kiini cha kazi yake, mwambie wazi kabla ya kumwajiri. Pasipo hilo, panga zamu uendelee na shughuli zako.

Nimesema habari za waumini. Viongozi ni habari nyingine, nao wanastahili kuhukumiwa kwa ukali zaidi, kwa sababu muumini hulipa na kiongozi hupokea. Kiongozi wa imani, mkubwa au mdogo, mtazame wakati neno lake linapogonga mwamba. Huko Kanungu, kusini magharibi mwa Uganda, viongozi wa kundi lililojiita la kurejesha Amri Kumi walitabiri mwisho wa dunia ungefika mwaka 1999 ukiisha. Waumini walikuwa wameuza mashamba na ng'ombe. Januari ikaja, jua likachomoza kama kawaida, na inaelezwa kwamba baadhi walianza kuuliza habari za mali zao. Tarehe 17 Machi 2000 mamia waliteketea ndani ya kanisa lililofungwa, na baadaye ikafukuliwa miili mingine mingi mashimoni. Sisemi kila nabii anayekosea ni muuaji. Wengi hukosea, wakaomba radhi au wakabadili tarehe, maisha yakaendelea. Nasema uangalie: je, muumini anaweza kuuliza fedha zimekwenda wapi? Anaweza kukosa ibada mwezi mzima asifuatwe na vitisho? Anaweza kula na ndugu wasioamini? Akitaka kutoka, mlango uko wapi? Kiongozi anayekataza shule, hospitali na ndugu, yote matatu kwa mpigo, hahitaji uchambuzi wa maandiko. Anawakatia watu njia za kurudi.

Na tuwe waadilifu, tusiibebeshe imani mzigo usio wake. Tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa kwenye mkutano wa injili wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Mitandaoni walichekwa sana, marehemu hao. Lakini mafuta hayakuua mtu. Msongamano ndio uliowaua, kama unavyoua mashabiki kwenye viwanja vya mpira, na hakuna anayesema mashabiki wale walistahili kwa sababu waliiamini timu. Swali la Moshi lilikuwa la milango, askari na idadi ya watu. Kumcheka marehemu kuliwaepusha waliopaswa kujibu.

Kejeli, kwa ujumla, ina hasara ambayo wengi hawaioni. Anayechekwa harudi nyuma kufikiri. Anasogea karibu zaidi na wasiomcheka. Kila kikundi kinachofunga milango kinawaambia wafuasi wake kwamba dunia itawadhihaki na kwamba ndugu watawageuka. Ukimdhihaki, umeutimiza unabii wao, na bure kabisa. Kwa hiyo kama una ndugu aliyeingia mahali panapokutia hofu, mpigie simu kuhusu mambo mengine. Msalimie, mweleze nani kazaa, nani kahama, Simba na Yanga walitokaje. Mwalike kwenye harusi hata ukijua hatakuja. Usimpelekee video za kumuumbua mchungaji wake. Lengo ni awe na namba moja ya simu ambayo siku akitaka kutoka, anaweza kuipiga bila kuona aibu.

Siku hiyo huja, mara nyingi usiku, mara nyingi kwa sababu ya fedha au ya mtoto. Akija, mpokee kama mtu aliyetoka safari. Usimwambie "tulikwambia". Atakuwa na mambo ya mikono kabla ya mambo ya roho. Kama aliacha dawa, kesho asubuhi mpeleke kliniki na uingie naye, maana ataogopa kugombezwa. Kama watoto waliachishwa shule, nenda kwa mwalimu mkuu kabla muhula haujasonga. Kama vyeti vilichanwa, anza na cha kuzaliwa, kwa wakala wa usajili, RITA, kwa walio Tanzania, kisha kitambulisho cha taifa, kwa sababu bila hivyo viwili hata kibarua kitamshinda, halafu ndipo uwaandikie baraza la mitihani kuhusu vile vya shule. Na kama Jumapili inayofuata atataka kwenda kanisani, kanisa lingine, mtafutie nauli.